Matundu Chini ya Meli Yako

Baba mpendwa,

Meli yako bado ipo hapa Katuba, Lubumbashi. Nakuandikia kwa sababu Jumamosi niliifanyia jambo ulilolikataza maisha yako yote, na ni afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa rafiki yako Baba Kabeya. Yeye akija huko uliko atalitia chumvi.

Unakumbuka ilivyofika? Treni iliileta kutoka Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, imelala juu ya behewa la wazi, meli ndogo ya doria isiyozidi mabasi mawili kwa urefu, pua imefungwa turubai kama mtu anayeumwa jino. Jeshi lilikuwa limeistaafisha kama lilivyokustaafisha wewe, fundi mashine wake. Ulikuwa umebembeleza kila ofisi mpaka wakaona heri wakupe kuliko waendelee kukuona mlangoni. Shule ya ufundi ikatupa kiwanja cha nyuma, tukaisimamisha juu ya nguzo fupi za zege, ukatundika kibao: MAKUMBUSHO. Mama akaitazama, akaweka mikono kiunoni.

"Benzake banaletaka bibi ya pili," akawaambia majirani. "Yeye analeta bato."

Watu wakaja kweli. Maharusi walipanda kupiga picha, viatu vya bibi harusi vikichubua rangi uliyoipaka jana yake, nawe ukijisogeza karibu na usukani ili utokee pembeni ya picha. Sijui ni nyumba ngapi za Lubumbashi zina albamu ya harusi yenye uso wako. Kwaya ilifanya mazoezi tumboni mwa meli kwa sababu sauti mle zilirudi nene. Watoto wa shule walikuwa na swali lile lile: "Papa, mayi iko wapi?" Nawe ulijibu bila kupepesa macho: "Mayi iko Kalemie. Inangoja."

Shida ilikuwa mvua. Ziwani kulikuwa na pampu ya kutoa maji. Hapa hapakuwa na injini ya kuiendesha, na maji yalipenya kwenye kila ufa wa sitaha, yakatuama chini kabisa. Msimu wote tulichota kwa ndoo, mimi, wewe na Baba Kabeya, tukipanda na kushuka huku tumelowa. Nilipomaliza kujifunza kuchomelea nilikwambia tutoboe matundu chini, maji yatoke yenyewe. Ulinitazama kana kwamba nimetaka kukung'oa meno.

"Mado, mi nilichunga ile bato myaka na myaka, mayi haikuingia. Sasa weye njo utaitoboa?"

"Papa, iko pa inchi kavu. Itazama wapi?"

"Bato yenye kutoboka haiko tena bato."

Nikachukua ndoo yangu. Ilikuwa meli yako.

Kutu haikukuomba ruhusa, ikatoboa. Hapo wewe na Baba Kabeya mkafanya kosa ambalo ni watu wa mji huu tu wangelifanya. Baba Kabeya anafua shaba, zile picha za ukutani za wanawake wanaotwanga, na kwetu, mji wa migodi ya shaba, shaba ni dawa ya kila kitu. Mkakata mabamba yake, mkaziba kila tundu, mkapigilia, mkang'arisha. Ilipendeza mno. Mabamba mengine yalikuwa na samaki, na moja lilikuwa na twiga, ingawa hakuna twiga aliyewahi kupanda meli ile. Wageni waliinama kuyatazama wakasahau ile bunduki ya mbao uliyoichonga kwa taabu badala ya ile ya jeshi.

Kisha ukatuacha. Kilio tulikifanya pale pale, akina mama wakisonga bukari, ugali wetu, chini ya tumbo la meli kwa kuwa mvua ilinyesha, na wanakwaya wakaimba ndani. Ungefurahi, nina hakika.

Mwaka huu nilimwomba mama mmoja anayetunza vitu vya kale mjini aje aitazame. Alipiga magoti, akachokoa kwa bisibisi pembeni ya bamba la samaki, ikazama kama ndani ya mkate. Akanieleza taratibu kwamba shaba ikigusana na chuma ndani ya maji, chuma ndicho kinacholiwa. Mabamba ya Baba Kabeya yalikuwa mazima, yanameremeta, na chuma kilichoyashika kimekuwa unga. Shule nayo ikasema wazi: isipokauka kabla mvua hazijakolea, itakatwa vipande iende kuyeyushwa, maana wanaogopa itamwangukia mwanafunzi. Siwalaumu.

Nikatoa shaba yote. Nikachomelea chuma kipya palipooza. Ikabaki kutoboa, maana mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kutuama tena ndani. Nililala chali chini ya meli na drili ya mkono, na mkono ukakataa, Baba. Nilikuona wewe umelala vile vile, uso umejaa grisi, unapapasa chuma kutafuta unyevu. Mama alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti chake cha plastiki. Alisubiri, akachoka kusubiri.

"Toboa, Mado. Papa yako alipendaka bato. Mayi, hapana."

Nikatoboa. Yalitoka maji mekundu mazito, yakanilowesha kifua, yakavuka kiwanja kizima, Baba Kabeya akikimbia na viatu vyake mkononi. Mama alicheka mpaka akapaliwa. Nami nililia kidogo, halafu nikacheka naye.

Jana mvua kubwa ilinyesha. Baada ya misa nilishuka tumboni mwa meli na viatu vya kanisani, nikavivua, nikatembea peku kutoka mwanzo hadi mwisho. Pamekauka. Nimekukosa sana, Baba. Ningependa unigombeze hapa hapa, uso kwa uso, mpaka uishiwe maneno, kisha nikushike mkono nikushushe chini, uiguse ile sakafu kwa kiganja chako.

Pumzika sasa. Zamu hii ni yangu.

Kitinda mimba wako,
Mado