Ng'ombe Ndani ya Uzio wa Mashine

Jumatatu, 3 Juni
Nimefuta vumbi kwenye sola. Nimeandika daftarini: mashine salama, uzio salama. Halafu nimewafungulia ng'ombe kumi na mmoja watoke ndani ya uzio huohuo. Wanalala humo tangu wezi walipopita kwa jirani mwaka jana. Uzio huu ni wa chuo kikuu, una kufuli. Zizi langu la kule chini ni miiba tu.
Mashine yenyewe imefukiwa chini. Inapima matetemeko ya ardhi. Mimi ni mlinzi wake.

Jumatano, 5 Juni
Amekuja Daktari Neema wa chuo kikuu. Anaandika historia ya kituo. Niliwahi kufagia mavi ya ng'ombe kabla hajafika. Amepiga picha madaftari ya marehemu baba, mlinzi wa kwanza. Enzi zake mashine ilichora kwenye karatasi, naye akiibadilisha kila siku. Hakuruhusu hata kuku humo.
Kisha akanionyesha kompyuta. Tangu mwaka jana kilima chetu hiki kinatikisika kidogo, asubuhi na jioni. "Mzee, ardhi yenu haijatulia."
Nikajua ni kwato. Nikanyamaza. Mimi mwoga.

Alhamisi, 6 Juni
Mwenyekiti wa kijiji kaambiwa. Anataka zahanati tuliyopanga isijengwe tena hapa kilimani, ihamie ng'ambo ya mto. Mwendo wa saa mbili kwa mguu. Wanawake wameshabeba mawe ya msingi, mke wangu yumo.
Uamuzi ni mkutano wa Jumamosi. Nikisema, kazi imekwenda.

Ijumaa, 7 Juni
Uzio salama, nimeandika tena. Ng'ombe wamelala humohumo. Sina akili.

Jumamosi, 8 Juni
Nilisimama kabla watu hawajanyoosha mikono. Nimesema yote. Wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Mke wangu akasema kwa sauti, "Kumbe tetemeko lina mikia, baba Kulwa."
Daktari akataka aone. Nikawapitisha ng'ombe mara tatu, yeye anaangalia kompyuta. Mistari ileile. Akaomba ufunguo. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 18 Juni
Msingi unachimbwa kilimani. Daktari kasema ng'ombe wataingia kwenye historia. Nimemwambia aandike na jina langu.
Ufunguo kapewa binti yangu Kulwa, ndiye mlinzi sasa. Jioni narudi na ng'ombe, miguu ikanipeleka uzioni kwa mazoea. Kulwa alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa.
"Baba, pitia kule chini."
Nikapitia kule chini.