Neno Walilomwita Marlène

Mantapala, 11 Machi 2024

Baba mupenzi,

Salamu nyingi. Mugongo unaendelea namna gani? Huku kambini Zambia tuko na uzima; mutoto amepona malaria.

Baba, tangu bwana yangu Parfait azame na mashua ziwani kule Kabuta, mama yake Clotilde ananiita carnassière. Anaambia majirani, "Huyu alikula mutoto wangu." Sasa wanawake wananikimbia. Wewe ulifundisha mambo ya wanyama miaka mingi: neno hili la Kifaransa ni la nini kabisa? Kama ni laana, uniambie, nivuke ziwa, nirudi kwetu Kongo, Kilwa.

Binti yako,
Marlène

Kilwa, 20 Machi 2024

Mutoto wangu,

Mugongo unanisumbua wakati wa mvua tu. Pole sana, mama.

Si laana. Neno lilitoka kusini ya Ufaransa, katika lugha ya kule, kwenye jina la nyama. Zamani wataalamu waliita carnassiers wanyama wa kula nyama: simba, fisi, mbwa, wakaweka na popo mule mule. Baadaye waliona popo na simba si ndugu, wakagawanya kundi, jina likaachwa. Liliangalia meno na chakula. Moyo wa mutu halikuujua.

Lakini usiende kumufundisha mama mukwe. Mwenye kufiwa hatafuti maana ya neno. Umuulize kinachomuuma zaidi. Akikataa, nitavuka nikuchukue.

Baba yako,
Zéphirin

Mantapala, 16 Aprili 2024

Baba,

Unisamehe kukawia, nilingoja jirani yetu muuza samaki avuke ziwa, akuletee barua hii.

Nilienda kwa Mama Clotilde. Hakufungua. Nilikaa nje mpaka mvua ikanishika, ndipo akasema, "Ingia, utagonjwa."

Nikamuuliza kama ulivyosema. Akasema, "Siku Parfait alipoenda ziwani, nilikuwa kwenye maombi. Wewe alikuaga. Mimi hakuniaga."

Basi nikamuelezea yote: alikula viazi vitamu akiwa amesimama, alivaa shati la kijani, alicheka mutoto alipomushika masikio. Alinirudisha nyuma mara nyingi. "Alicheka namna gani?" Tulilia wote wawili.

Jumapili kanisani mwanamuke mumoja alinong'ona lile neno. Mama Clotilde akageuka: "Ni mimi nililianza, na nilikosa. Huyu ni mukamwana wangu."

Usije kunichukua, baba. Njoo ututembelee tu. Ameuliza kama unakula bukari ya muhogo, anataka kukupikia.

Binti yako,
Marlène