Kadi ya Getruda Imerudi Kwangu

Beata usinipigie. Nimejificha jikoni, sherehe ya Dastan bado inaendelea, nikifungua mdomo watanisikia wote.

Kunegunda kampa mwanangu kadi ya mahafali. KADI YANGU. Ile niliyompa mwaka jana ampelekee binti yake Getruda alipomaliza kidato cha nne.

Nakuapia ni ileile! Manila ya bluu, utepe mweupe, shanga za rozari ya marehemu mama nilizobandika moja moja. Jina la Getruda kalifunika na karatasi ya kung'aa, juu kaandika "Hongera Dastan". Halafu ananichekea: "Mama Dastan, na mimi siku hizi natengeneza kadi kama wewe." Kama wewe! Ananiambia mimi!

Nikaangalia kile kibahasha nilichobandika ndani.

Barua yangu imo. Beata, barua imo, na fundo la utepe wa kibahasha ni lile nililofunga mimi, halijaguswa.

Unakumbuka nilimwandikia nini yule mtoto? Aje akae kwangu hapa Songea asome ualimu, chumba kipo. Hakujibu, nikasema ana kiburi. Mtoto wangu wa ubatizo! Pasaka kanipa shikamoo kanisani, nikageuza uso.

Kumbe hata kadi hakuiona. Yuko Lusewa analima tumbaku, na mimi mwaka mzima namnunia.

Mama yake yuko hapo nje anakula pilau yangu. Acha ale. Nitumie namba ya Getruda, naanza kumwomba mtoto msamaha. Huyu nitamalizana naye akishashiba.