Gari Iliyoaga Kabla ya Kusalimu

Kitengela,
nyuma ya stendi, hapa kwa wachomeleaji

Mayi wangu mpendwa,

Mguu unaendeleaje? Hilo ndilo nataka kujua kabla sijaanza kuongea, kwa maana nikianza unanijua. Kama bado unavimba jioni, acha kwenda mtoni na umtume Nekesa. Najua ni yeye anakusomea hii barua na hapa amekunja uso. Nekesa dada yangu, soma vile imeandikwa. Usiongeze yako, na usiruke pale panapokugusa. Ng'ombe wa madoa alizaa? Na paa la jikoni lilishikilia ile mvua, ama mnapika mkiwa na mwavuli?

Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo, hapa wananiita Mheshimiwa, na sijakataa. Ile simu ya mkono niliyojisifia nayo Krismasi iko mfukoni, lakini haina kadi, kwa hivyo inanionyesha saa tu. Ndiyo sababu naandika.

Uliuliza mbona Pasaka sikufika. Mayi, jibu liko na magurudumu manne na hakuna hata moja linalosikia maneno ya binadamu. Ni gari. Kazi yenyewe haina shida. Kitengela yote inajengwa, kila mtu anataka mlango wa chuma na dirisha la chuma, na kwa kuchomelea hakuna mtu wa kunifundisha kutoka hapa mpaka Namanga. Hata upande wa pili wa mpaka wananijua. Lakini chuma hakitembei chenyewe, kinataka kubebwa, na mimi nilinunua van ambayo ilikuwa imezeeka mimi nikiwa bado naimba tebo za hesabu darasa la tatu. Leo betri, kesho klachi. Makanika wangu kila akiifunga anabaki na nati mkononi, nikiuliza ananiambia, "Hizi zilikuwa za ziada." Za ziada! Kwani waliotengeneza gari walikuwa wanacheza? Siku moja niko kwa roundi ya barabarani, kiti cha dereva kikarudi nyuma na mimi ndani yake, nikawa naendesha nimelala kama mgonjwa. Wateja wananifokea, milango inangoja, mimi niko chini ya gari nanyweshwa oili.

Sasa sikia hii ya Bisil.

Huko Bisil kuna mama mzee, wanamwita Kokoo Nashipae. Kokoo kwa Kimaasai ni nyanya. Vijana wake walihama na ng'ombe kufuata nyasi upande wa Ewuaso Kedong, yeye akabaki na mbuzi. Boma lake ni la miiba, na mlango wa boma ulikuwa tawi kubwa la miiba ambalo linavutwa kila jioni. Mama wa umri wako, Mayi, tena mwembamba kuliko wewe. Hawezi kulivuta likakaa sawa, na fisi amelijua. Kwa hivyo aliuza mtamba, akanipatia pesa ya chuma nimtengenezee geti. Mimi na Mutiso, huyu Mkamba tunayefanya kazi pamoja, tulienda kwanza na hiyo van tukasimamisha nguzo na simiti, tukamwambia geti inakuja wiki hiyo. Nilimwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, nikampa na mkono.

Mayi, geti ilikuwa tayari siku iliyofuata. Gari ndiyo haikuwa tayari. Safari ya kwanza tulifika Isinya, mkanda wa feni ukakatika. Nikafunga kipande cha tyubu ya baiskeli, kikatufikisha nyuma, si mbele. Safari ya pili tulipita Kajiado mjini, nataka kubadilisha gia, gia ikatoka yote. Nikabaki nimeishika mkononi kama rungu ya chifu. Mutiso akaniuliza, "Sasa utaiweka wapi?" Nilimwambia pahali, Nekesa usisome hapo. Pikapu ya jirani ilikuwa imeenda matanga. Wiki ikapita, ingine ikapita.

Safari ya tatu tulipita Kajiado, tukaimba. Bisil inakaribia kabisa, rejeta ikapasuka. Moshi ukatoka mpaka Mutiso akaruka nje na mkate wake.

Tuko hapo, bonneti wazi, geti juu ya gari, akatokea mwanaume rika langu anaswaga punda kutoka kisimani, wamebeba mitungi ya maji. Baadaye alituambia anaitwa Lemayian. Akasimama mbele ya gari, akasoma. Akaniangalia, akasoma tena.

Hapo lazima nikueleze. Mutiso ndiye fundi wetu wa rangi. Aliniambia gari ya biashara katika nchi ya Wamaasai inafaa kuwasalimu watu kwa lugha yao, na yeye anaijua, aliuza duka Bisil miaka. Basi mbele ya gari, juu ya kioo, akaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: SERE. Nilipenda sana. Tumezunguka nayo Kajiado nzima, mimi napiga honi na kupunga mkono.

Yule mwanaume akasema, "Sere."

"Sere, sere!" Mutiso akajibu, meno yote nje.

Jamaa alicheka mpaka akaegemea punda. "Rafiki, kwani mnaenda?"

"Tuende na nini?" nikamwambia. "Huoni hii bonneti?"

"Sasa mbona gari inasema kwaheri?"

Niligeuka polepole nikamtazama Mutiso. Mutiso akatazama mlima.

"Wewe. Hilo neno ulitoa wapi?"

"Si nilikuwa nauza duka? Kila mtu alikuwa ananiambia hivyo. Kutwa nzima, sere, sere."

"Wakiingia ama wakitoka?"

Akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. "Wakitoka."

Mayi, nilikaa chini kwa lami. Lakini Lemayian alikuwa ameacha kucheka. Aliangalia ile geti, akauliza, "Ni nyinyi mliochukua pesa ya Kokoo Nashipae?"

"Hatukuchukua. Tumeleta geti."

"Yeye amewaambia watu wote kisimani kwamba alimpa Mluhya mtamba mzima, gari ikamwambia kwaheri usoni, ikaondoka. Anasema hata hawezi kulalamika, mlimuaga vizuri." Halafu akaongeza, "Fisi ameingia mara mbili tangu hapo."

Nilikuwa nafikiria huyo mama anangoja tu, kama wateja wengine wanavyongoja wakinitukana. Kumbe alikuwa ameacha kungoja.

Nikamwambia Lemayian, "Nipe punda."

"Punda si gari ya kukodi."

"Basi niuzie. Ama nipige. Lakini hii geti leo inafika."

Alinitazama sana, akaanza kushusha mitungi. Tukaipanga kando ya gari, akamwonya Mutiso aichunge na asiguse, "Hayo ni maji ya watu, si ya gari." Geti ilikuwa ya mabawa mawili. Tukafunga kila bawa juu ya punda wawili, likalala migongoni kama meza. Mayi, nimeendeshwa na magari mengi, lakini wale punda! Hawakuchemka. Hawakutoa moshi. Hawakuangusha nati hata moja.

Tulimkuta Kokoo jua bado liko juu ya vilima, anavuta lile tawi. Aliona punda, akaona mimi, akaendelea kuvuta.

"Sopa, Kokoo," nikasema. Hiyo ndiyo salamu yenyewe, Lemayian alinifundisha njiani, nikairudia kama mtoto wa nasari.

Kiswahili chake ni kidogo lakini kinakata. "Umekuja kuaga tena?"

"Kokoo, gari ndiyo haijui Kimaasai. Mimi nimekuja na miguu."

Akaachilia tawi. Hakuniambia karibu, lakini alisogea nipite.

Bawa la kwanza lilikubali. La pili bawaba ilikuwa imejipinda njiani, nikaigonga na jiwe, nikagonga na kidole changu pia, nikasema maneno ambayo nashukuru hakuyaelewa. Tukaining'iniza. Mama akaja akaifunga kwa mkono mmoja. Akaifungua. Akaifunga tena. Mbuzi wakaingia, yeye akiwaangalia mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Ndipo akaniletea maziwa kwenye kibuyu, nikanywa yote, hata ile ladha ya moshi. Nimemwahidi mlango wa nyumba, wa bure. Mutiso bado hajui.

Gari iko Bisil nyuma ya bucha, trekta iliivuta hadi huko, na nasikia kuku wametaga kwa kiti changu. Mutiso amefuta lile neno na anataka kuandika lingine. Nimekataa mpaka Wamaasai watatu wasimame hapo waseme ni sawa. Nyumbani nitakuja na basi kama watu wengine, hata nikichekwa.

Nisalimie kaka mkubwa, umwambie nyundo yake ninayo. Shangazi wa kule sokoni umwambie sijaoa Mmaasai, aache kuuliza. Pasta naye umshukuru kwa maombi, lakini aombee rejeta kwa jina. Na wewe Nekesa, asante kwa sauti yako, nitakununulia viatu vya kisigino.

Mayi, kuna ujumbe nimetumwa kwako. Nikiondoka, yule kokoo alinishika mkono akaniuliza, "Mama yako yuko?"

Nikasema yuko.

"Anajua unafanya nini huku?"

Nikasema anajua kidogo. Akafikiria, akashika geti yake.

"Mwambie inafunga."

Basi nimekuambia. Inafunga.

Ni mimi mtoto wako,
Barasa