Goti Nililompigia Mjapani

Jumatatu, 6 Agosti 1973
Taipureta imekwama tena. Nimeipiga kofi, ikaendelea. Meneja karudi kutoka Japani, kanenepa. Kasimulia mpaka chai ikapoa: treni, samaki mbichi, na baa ambayo mgeni akiingia tu anakaliwa na mwanamke ubavuni. Anamiminiwa, anawashiwa sigara, anachekewa hata asipochekesha. Si malaya, anasema, ndiyo kazi yao, mapokezi. Wanaume wa ofisini walimeza mate. Mimi niliendelea kuchapa.

Mwanangu Zaina kang'oka jino. Kalitupa juu ya bati, siku nzima anauliza jipya litaota lini.

Alhamisi, 9 Agosti
Wajapani wawili wanakuja kuangalia kiwanda chetu cha kamba. Wakiridhika watatuletea mashine mpya. Meneja anataka kuwapokea kama alivyopokewa yeye: kwenye klabu tuliyoachiwa na Wazungu wa mkonge, na wanawake wa ofisi tuwakalie ubavuni. Tuko watatu. Mama Juma wa masjala kasema mumewe atamchinja. Kasamehewa. Estela wa stoo kakubali. Mimi mjane, hakuna wa kunichinja, kwa hiyo nimo.

Nilimwambia meneja siwezi. "Ndugu Mwanaidi," akasema, "hii ni kazi ya kujenga taifa." Kisha akaongeza, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba huko shambani wakataji mkonge hawatoshi. Nimemwelewa. Nyumba ninayolala ni ya shamba, ukitoka ofisini unaiacha.

Jumapili, 12 Agosti
Usingizi haupo. Si bia inayonitisha. Ni Zaina.

Mume wangu alipokufa, kaka yake, shemeji Mohamedi wa Kang'ata, huko Handeni, alisema mbele ya wazee kwamba mtoto ni wa kwao, ila nitakaa naye maadamu naishi kwa heshima. Tangu siku hiyo sisimami na mwanamume barabarani hata kuuliza njia. Nikikataa, watamchukua kwa kuwa sina pa kumlaza. Nikikubali, watamchukua kwa kuwa nimeingia baa. Namchukia meneja. Namchukia na shemeji, na hilo siwezi kumwambia mtu.

Jumanne, 14 Agosti
Nimepata njia. Nitafanya kama mama alivyonifundisha kule Sindeni, baba akiwa na wageni. Birika, beseni, taulo begani, goti chini, macho chini. Nitawanawisha, kisha nitakaa mbali. Nani atauita huo uhuni? Hata shemeji mwenyewe akiniona atasifu malezi.

Jumamosi, 18 Agosti
Ilikuwa jana jioni. Naandika ili nipumue.

Madirisha ya klabu yalijaa vichwa. Watu wa kambi ya wafanyakazi hawajawahi kumwona Mjapani. Mjapani mmoja, mzee, alikunywa, akaimba, akamkumbatia Estela, Estela akamchekea vizuri tu. Mimi nilipewa kijana, mhandisi. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, kama anasubiri sindano hospitali. Ana Kiswahili kidogo. "Mimi, kwetu, baa namna hii, hapana," akaniambia. "Leo mara ya kwanza." Masikio yalikuwa mekundu na bia hajaigusa. Nilimwonea huruma. Nikapiga goti, nikammwagia maji mikononi, nikasema karibu mgeni.

Akashtuka. Akashuka kwenye kiti. Akapiga magoti naye, mbele yangu, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Mtu mzima kaniinamia vile, ningefanyaje? Nikainama zaidi. Naye akazidisha. Beseni likapinduka, tukalowa wote wawili. Dirishani watu wakaangua kicheko. Nikacheka na mimi, Mungu anisamehe, sijacheka hivyo tangu niwe mjane. Meneja akapiga makofi, akasema hayo ndiyo mapokezi.

Hakunigusa hata kidole. Naandika hivyo ingawa hakuna aliyeuliza.

Jumanne, 21 Agosti
Bombani wanawake wamekatisha mazungumzo nilipofika kuchota maji. Estela ndiye aliyenieleza. Inasemwa nilikuwa sakafuni na Mjapani, nimelowa, nacheka. Kila neno ni kweli. Ndiyo maana nashindwa kujitetea. Estela mwenyewe, aliyekumbatiwa jioni nzima, hasemwi. Alikaa kwenye kiti.

Nimemwuliza Mama Juma kama ananiamini. "Mimi nakuamini, mwanangu," akasema. "Lakini lori la mahindi limeshakwenda Handeni."

Ijumaa, 24 Agosti
Hakuna habari. Zaina kaniuliza kwa nini namtazama sana.

Jumapili, 26 Agosti
Shemeji kaja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, lakini hakuingia ndani na maji hakunywa. Nikamweleza yote pale mlangoni: birika, beseni, mafunzo ya mama, yule kijana asiyejua mila zetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Shemeji, goti hilo ulilipigia wapi?"

"Klabuni."

"Basi."

Hakufoka. Afadhali angefoka, ningepata wa kugombana naye. Nilimvalisha Zaina gauni la Idi. Alidhani anakwenda kutembea, akakimbilia lori alilokuja nalo shemeji ili awahi kukaa mbele. Sikumwambia. Mwoga mimi. Lilipokata kona nilikuwa bado napunga mkono na kucheka, kwa ajili yake. Nimelia mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumanne, 28 Agosti
Sikwenda kazini. Sikupika.

Jumatatu, 3 Septemba
Manyunyu asubuhi. Nimechapa barua ya kuwashukuru Wajapani kwa kututembelea.

Mchana meneja kaniita. Mwezi ujao wanakuja wageni wengine, hakumbuki ni wa nchi gani. Anataka mimi ndiye niongoze mapokezi, maana nina kipaji. Alikuwa amejiandaa kubishana, hata habari ya wakataji mkonge alishaianza. Nikasema ndiyo kabla hajaimaliza. Akanitazama. Akauliza kama safari hii sina kipingamizi.

Nimesema sina.

Nikarudi mezani. Saa ya kutoka ilipofika wenzangu waliaga, nikawaitikia. Mimi sikuinuka.