Kiti cha Kushoto cha Pijo

Itigi
12 Machi 1995

Mwanangu Gabrieli,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi tupo tu, sijui wewe huko Dar es Salaam. Mvua imetukimbia, uwele umekauka kabla ya kutoa masuke.

Sikutaka kukuandikia. Niliapa. Shirika lilipovunjwa, miaka yangu kumi na tisa ya udereva niliambulia hiyo pikapu tu, na wewe Krismasi ukazikata springi zake ukaikalisha chini kama kuku anayelalia mayai, eti ndiyo mtindo wa mjini. Mtindo gani kwenye barabara hii ya Manyoni? Sasa tairi za mbele zinaliwa upande wa ndani na usukani unavuta kushoto, mkono unaniuma. Siku hizi maduka yamejaa redio na viatu vya plastiki, lakini springi ya Pijo 404 hakuna.

Mama yako miguu inamvimba. Kila Alhamisi nampeleka hospitali Manyoni. Si jambo kubwa, usihangaike. Ila gari ikivuta naye anarushwa huku na huku, na mimi sipendi. Wewe uliyeiharibu, niambie inanyooshwaje.

Baba yako,
Alute


Dar es Salaam
27 Machi 1995

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, na nilipoona mwandiko wako nikajua umenisamehe au umekuja kunimaliza. Mimi mzima, gereji kazi ni nyingi. Mpe mama pole, mwambie asile chumvi.

Baba, nisamehe kwa zile springi. Nilitaka wenzangu waone kuwa nimetoka Dar. Fanya hivi. Tafuta mahali tambarare, usukani unyooke. Funga kamba nyuma ya tairi la nyuma, usawa wa katikati yake, uivute mpaka mbele ya tairi la mbele. Fanya hivyo pande zote mbili. Kisha legeza nati za tairodi, ile fito ya chuma inayounganisha usukani na tairi, uizungushe mpaka tairi za mbele zikaribiane kwa mbele kidogo sana, unene wa sarafu, kuliko kwa nyuma.

Na hili ndilo kubwa. Gari iliyoshushwa haipimwi tupu! Ukipima tupu inanyooka imesimama, ikipakia inapinda. Kila mtu akae mahali pake pa kila siku. Mama akae kushoto. Wewe utakuwa chini na spana, kwa hiyo kwenye kiti chako weka gunia la chumvi. Dada Yunisi ashike kamba.

Springi nazitafuta. Juni nitakuja nazo.

Mwanao,
Gabrieli


Itigi
20 Aprili 1995

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tunaendelea.

Tumeipima. Mama yako alivaa kitenge cha kanisani, akakaa kushoto toka asubuhi kama bibi harusi anayesubiri kuchukuliwa. Nikamwambia, wewe leo ni mzigo tu, kaa kimya. Akasema, mzigo wa miaka thelathini huu, umeuzoea. Yunisi alicheka mpaka kamba ikamponyoka tukaanza upya.

Gari imenyooka. Alhamisi niliachia usukani kule kwenye tambarare, ikaenda yenyewe. Mama yako akasinzia njia nzima. Anasema nikwambie hana kinyongo na wewe, hajawahi kuwa nacho. Mimi ninacho bado, springi zangu nazisubiri Juni.

Baba yako,
Alute


Itigi
9 Julai 1995

Gabrieli,

Salamu. Juni imepita, hukuonekana wala hukuandika. Mama yako alikuwa anakwenda stesheni kila treni ya Dar ikiingia. Sasa haendi.

Gari imerudia ugonjwa. Mara hii inavuta kulia. Tairodi sijaigusa, nati zimekaza. Nieleze.

Alute


Dar es Salaam
18 Julai 1995

Baba yangu, shikamoo.

Nimekosa, sina utetezi. Tajiri wa gereji alininyima ruhusa, na mimi nikaona aibu kuandika kwamba siji. Springi nimezipata mtaa wa Gerezani, kwa wauza vipuri, ziko chini ya kitanda changu.

Baba, nimekaa na barua yako siku nzima. Kama nati hazijalegea na tairi hazina kasoro, basi ni uzito. Kushoto mbele pamekuwa pepesi. Mama anakaa wapi siku hizi? Nijibu hilo tu, mengine acha.

Mwanao,
Gabrieli


Itigi
30 Agosti 1995

Mwanangu Gabrieli,

Swali lako lilinipiga. Nililificha chini ya godoro, nikawa nalala juu yake.

Tangu katikati ya Juni mama yako hakuweza kukaa. Nilimtandikia godoro nyuma kwenye bodi, Yunisi akamshika kichwa. Mbele nikawa peke yangu. Mimi dereva mzee sikuona, na wewe umeona ukiwa Dar. Daktari alikwisha kuniambia ni moyo, toka Februari. Nilikuandikia si jambo kubwa kwa sababu ya kiburi. Nilisema, nikimwambia atakuja kwa ajili ya mama yake, na mimi nilitaka uje kuniomba radhi mimi kwanza. Hilo ndilo kosa langu, nimelikiri mbele ya mchungaji.

Alitutoka tarehe 15. Nilikwenda posta kukutumia telegramu, nikapewa kalamu, nikashindwa kuandika maneno matatu. Nikarudi. Tumemzika Alhamisi, siku yake ya Manyoni. Bila wewe. Nikasirikie, una haki.

Njiani mara ya mwisho aligonga kioo cha nyuma, nikasimama. Akauliza, Gabrieli amejibu? Nikasema bado. Nawe ulikuwa umejibu, barua ilikuwa mfukoni mwangu.

Gari inavuta bado. Nimeweka gunia la chumvi kwenye kiti chake, nikalitoa, sikuweza kuliangalia. Spana ninazo, kamba ninayo. Ulisema kila mtu akae mahali pake ndipo tupime. Springi ziache huko kama ni nzito. Njoo wewe, ukae kushoto.

Baba yako,
Alute