Bibi Amelala Upande Gani

Ambositra, 2 Juni 1998

Mjomba Ratovo,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila baridi imetuingia mifupani. Sijui nyie wa Toamasina mnaendeleaje, na lile goti lako je?

Mwezi wa nane tunafungua kaburi la ukoo tuwabadilishie wazee wetu sanda. Miaka saba iliyopita sikuwepo. Safari hii nimemfumia Bibi sanda ya hariri kwa mikono yangu. Nataka nimpakate, nimwambie nimepata binti na nimempa jina lake, Razanamalala. Mama anasema wewe ndiye uliyemwingiza ndani mara ya mwisho, na majina kwenye sanda uliandika wewe, ila wino huenda umefutika. Bibi amelala upande gani?

Mpwa wako,
Voahangy


Toamasina, 20 Juni

Mpwa wangu Voahangy,

Marahaba, tena marahaba mara mia. Goti limepona. Jana nimebeba magunia matatu ya karafuu kwa mpigo, mabaharia wakaacha kazi wananitazama.

Mama yangu, mwanangu, hukumjua enzi zake. Nzige walipokuja alisimama katikati ya mpunga akawafokea, "Mimi nina watoto tisa, nyie mna nini?" Wakageuka wote wakaenda kwa jirani. Niliwaona kwa macho yangu wakigeuka. Wali alitupakulia sisi, yeye akakwangua ukoko, akisema ndio anaoupenda. Niliamini hivyo mpaka nikaota ndevu. Na kaburi lile, jiwe la mlango nililisukuma peke yangu, watu kumi wameshindwa.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako,
Ratovo


Ambositra, 5 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Tu wazima, mtoto kaota jino. Barua yako mama kaisoma akacheka hadi akalia. Lakini mimi nilikuuliza neno moja tu. Kulia au kushoto?

Mpwa wako,
Voahangy


Toamasina, 28 Julai

Mpwa wangu,

Salamu nazileta, ila sina uso wa kuzileta.

Sijui amelala upande gani. Siku ile kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Kwenye kitanda cha jiwe cha katikati tuliwalaza wawili, mama na wifi yake Rasoa, sanda zao sawasawa. Nje wageni walikuwa wananingoja niwasimulie nilivyoning'inia kwenye nundu ya fahali hadi akapiga magoti. Mama yako akaniuliza, "Kaka, umeandika?" Nikamwambia, "Tayari." Sikuwa nimeandika hata herufi. Nilipomaliza hadithi, mlango ulishafungwa, nikanyamaza.

Na yule fahali, Voahangy, alinitupa.

Mama alitujua wote tisa gizani, kwa kikohozi tu. Mimi nilikuwa na mchana kweupe, na kalamu.

Nitakuja. Nitasema mwenyewe mbele ya watu kabla jiwe halijaondolewa. Wewe usimwambie mtu.

Mjomba wako,
Ratovo


Ambositra, 23 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Sisi tu wazima, na shughuli imekwisha.

Tulikungoja hadi jua likawa utosini. Wapiga ngoma wakaanza kununa, wazee wakaniuliza nimeshikilia nini mkononi, ndipo nikaisoma barua yako. Mama alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Perline, binti wa Bibi Rasoa, akasema, "Kwa hiyo miaka saba nimekuwa nikimwomba nani?"

Mwishowe nikampakata mmoja na yeye akampakata mwingine, halafu tukabadilishana. Habari za mtoto nimezisema mara mbili. Ile hariri tumeikata katikati, na kila sanda tumeiandika majina yote mawili. Kalamu alishika mama.

Dereva wa lori la mbao anasema asubuhi ile alikushusha kwenye tanuri la matofali, umevaa suti. Pale kaburi letu linaonekana wazi, mjomba, hata mtu na mtu unawatambua.

Ulikaa pale mpaka saa ngapi?

Mpwa wako,
Voahangy